Maziwa ya Akko na Madaktari wa Alhamisi

Jumanne, 5 Agosti

Likizo. Upepo, vumbi, na homa ya Akko imerudi. Akko ni bibi yangu, mama wa baba, na huuza maziwa ya ngamia sokoni. Hutoka jasho, mgongo na magoti yakamuuma, kisha akapona na kucheka, kisha tena. Kwenye duka la dawa wanampa za malaria kila mara. Sasa anaziita kwa rangi.

Si malaria. Nimesoma. Kwa simu ya binamu yangu Khadra nimesoma makala za utafiti ambazo madaktari wenyewe hawana nafasi ya kuzisoma, na homa kama hii kwa watu wa mifugo mara nyingi ni brusela. Inatoka kwenye maziwa mabichi. Inapimwa kwa damu kidogo, na inatibika. Isipotibiwa inaweza kumharibu mtu viungo.

Khadra alisema nimwambie tu Akko aende hospitali. Khadra! Hajawahi kusoma hata karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa. Mwanamke aliyelea watoto wake wote kwa maziwa, umwambie maziwa yake yana ugonjwa? Tena kwa sauti? Mimi nikisalimia wageni tu sauti hainitoki.

Nina mpango.

Jumatano, 6 Agosti

Kwenye utafiti mzuri mgonjwa hajui anapewa nini. Kwa hiyo nilichemsha maziwa ya Akko kwa siri, nikayapoza, nikafukiza kibuyu kwa moshi kama anavyofanya yeye, ili harufu imdanganye. Niliuonea fahari moshi ule.

Akko alionja mara moja. Akakiweka kibuyu chini.

"Nani ameua maziwa?"

Khadra akaniangalia. Nikasema labda ngamia ni mgonjwa.

Nilidhani yameisha. Kumbe Akko alimpigia simu baba mdogo Huqa, aliye na ngamia upande wa Ngaremara. Kufikia jioni ngamia bora kuliko wote alikuwa ametengwa na wenzake na kudungwa sindano. Anasemekana kukasirika sana.

Mgonjwa hajapimwa. Ngamia ametibiwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kila Alhamisi asubuhi madaktari hukutana ukumbini hospitalini kufundishana yale mapya. Dkt. Kinoti alitueleza alipokuja shuleni: daktari asiyeendelea kusoma hupata shida na leseni yake. Mpango: kukaa nyuma, kisha wakati wa maswali nisimame na kuwasilisha kisa, bila jina, jinsi wanavyofanya wao. Wao waseme mgonjwa aletwe. Akko aitwe na hospitali, si na mimi.

Nilikariri tangu alfajiri. Mwanamke, zaidi ya miaka sabini, homa inayokuja na kuondoka. Nikavaa koti jeupe la maabara ya shule, lenye doa la iodini kifuani.

Na mada ya Dkt. Kinoti ilikuwa homa zisizo malaria! Aliwauliza wenzake ni nani humuuliza mgonjwa kuhusu maziwa. Mikono michache ikainuka, nusu nusu. Nikasimama. Ukumbi mzima ukageuka. Akaniuliza kwa upole mimi ni wa idara gani.

Yote niliyokariri yakanitoka kichwani. Likabaki neno moja.

"Maziwa," nikasema.

Walifurahi mno. Walikuwa wakingojea maziwa ya chai. Mama wa jikoni akanitoa nje, akanilaumu kwa kuja mikono mitupu, akaagiza mtungi mzima wa Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mambo ni mabaya kuliko mwanzo. Oda ilibidi nimwambie Akko, na Akko ameliambia soko lote. Mteja wake Fosia alipouliza kama si vizuri kuyachemsha, alijibiwa kwamba madaktari wanakunywa haya haya, yeye amesomea wapi? Watu walicheka. Nilitaka kueleza kuwa maziwa ya chai huchemkia ndani ya chai. Nilikohoa.

Baadaye Akko alishindwa kuinua mtungi. Akasema ni upepo.

Alhamisi, 14 Agosti

Akko alikataa niyapeleke maziwa peke yangu. Alijifunga kitambaa chake cha Idi. Njia yote kutoka kwetu Kiwanjani alisimama kila baada ya nyumba chache, eti anasalimia watu. Nyumba nyingine hazikuwa na mtu.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Leo walikuwa wakijizoeza kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili, na daktari mmoja kijana, Abdifatah, alikuwa mbele akijifanya mfugaji. Akashika kiuno. Akasema jasho linamlowesha, maumivu yanahama kutoka mgongo hadi magoti, na dawa za malaria amezimeza mpaka amechoka.

Akko akaingia.

"Huyu kijana," akasema, "amejuaje ugonjwa wangu?"

Hakuna aliyecheka. Dkt. Kinoti alimpa kiti, akamwamkia, akamuuliza maswali yale yale mbele ya wote. Akko akajibu yote. Hata nisilolijua: kwamba asubuhi hulia akivaa viatu, na hungoja sisi tutoke kwanza.

Walimtoa damu. Ni brusela. Dawa za wiki nyingi, na maziwa ni ya kuchemsha. Daktari alirudia: asiache dawa hata akijisikia mzima, maana ugonjwa hurudi.

 Tukirudi Akko akauliza, "Intala, binti yangu, wewe unasoma sana. Hukujua?"

Nikasema vumbi limeniingia machoni.

Ijumaa, 22 Agosti

Akko ni mzima! Ameinua mtungi. Anakunywa maziwa ya kuchemsha kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Lakini leo nilipokuwa nikimkunjia nguo niliona fundo kwenye pindo la kitambaa cha Idi. Ndani kuna vidonge. Vingi. Ameacha kumeza.

Khadra akasema nimwambie tu, yuko hapo nyuma ya pazia. Maskini, hajifunzi. Nina mpango ulio bora. Nitachukua simu ya Khadra na kumpigia Akko kama Dkt. Kinoti, kwa sauti nzito yenye lafudhi kidogo ya Kimeru, nimwamuru aendelee na dawa. Nimeshaanza mazoezi. Sauti inatoka vizuri kabisa nikiwa peke yangu.

Jasho la Akko limeanza tena. Nilisikia akiomba leso.

Sasa hivi ameita, "Intala, unaongea na nani huko?"

Nimesema siongei na mtu.