Vishimo Sita vya Urembo

Mshauri aliingia duka la vifaa vya uvuvi kwa sababu lilikuwa na feni. Hakuwahi kushika mshipi maishani mwake, na samaki alimjua kwa upande mmoja tu, ule wa sahani. Lakini mtu wa kazi yake hana likizo. Hata akiwa amesimama chini ya feni, macho yanaendelea na doria, na siku hiyo macho yaliwaona watu wazima wawili, wenye vipara na heshima zao, wakinyang'anyana pakiti ya wadudu wa plastiki.

"Nimeishika mimi kwanza," alisema mmoja.

"Umeishika, hujailipia," alijibu mwenzake.

Wadudu wenyewe walikuwa vyambo bandia vya kuvulia, vya plastiki laini kama ndewe ya sikio. Jina lao lilikuwa Chenene, na miguu yao myembamba ilitetema hata ukiwapumulia. Wale wenye vipara walidai kwamba samaki akiiona miguu ile anamsahau mama yake mzazi.

Pembeni alikuwepo mtu wa tatu, mnene, mwenye uso wa kudhulumiwa. Huyu alikuwa na kiwanda kikubwa kuliko vyote vya vyambo mjini, na watu walimwita Bwana Pacha. Kila alichokitoa kiwandani kilikuwa na pacha wake mahali pengine, na siku zote yule wa mahali pengine ndiye aliyezaliwa kwanza.

"Nimejaribu kumwiga huyu mdudu mara nne," alimwambia muuzaji bila haya. "Miguu inakatikia kwenye kalibu. Na vile vichache vyangu vinavyouzika, watu wananiigia. Mji huu umejaa wezi, ndugu yangu. Ningepata umbo la peke yangu, lenye karatasi ya serikali, ningemshtaki mtu mpaka na bibi yake."

Mshauri aliacha kufaidi feni. Mbele yake kulikuwa na mwenye pesa asiye na akili, na mahali fulani mjini kulikuwa na mwenye akili asiye na karatasi. Katikati ya watu wa namna hiyo huwa pana nafasi ya mtu mmoja mwembamba mwenye tai.

"Hawa Chenene anawatengeneza nani?" aliuliza, kama mtu anayeuliza saa.

"Mama Meno," muuzaji alijibu. "Nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba yenye mlango wa bluu."

Kabla hatujafika kwenye mlango huo, ni haki tuhesabu mtaji wa Mshauri. Alikuwa na tai mbili, mkoba wa ngozi wenye gazeti la juzi ndani, na gari jeusi. Tai na mkoba tuviache. Gari ndilo lililokuwa shahada yake, ofisi yake na ukoo wake. Mlinzi wa geti akiliona husimama wima, na mtu akishasimamiwa na mlinzi, walioko ndani humwamini kabla hajafungua mdomo. Bila gari lile Mshauri alikuwa mtu aliyevaa tai juani. Alilijua hilo, na alilipenda gari kuliko alivyowahi kumpenda binadamu. Waliokuwa wake zake, wote wawili, wako tayari kutoa ushahidi.

Aliliegesha mbele ya mlango wa bluu, mahali ambapo lingeonekana vizuri kutoka dirishani.

Mama Meno alikuwa ametengeneza meno ya bandia kwa miaka kumi na minane kabla ya kuingia kwenye vyambo. Jikoni kwake plastiki ya pinki ilikuwa ikiyeyuka taratibu kwenye sufuria juu ya jiko, madirisha yote wazi, na kalibu za plasta zimepangwa juu ya kabati pale ambapo wengine hupanga vikombe. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa amekaa mlangoni akinywa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au umekuja kuuza?"

"Nimekuja kukulinda," alisema Mshauri, akakaa bila kukaribishwa. "Mama, unaibiwa. Watu wanakaa kwenye viwanda vyao wanakula jasho lako. Mimi kazi yangu ni kusajili maumbo. Umbo likishakuwa na hati, atakayeiga analipa mpaka anauza kitanda."

"Ala."

"Ndiyo hivyo. Ila Chenene, kwa bahati mbaya, ameshauzwa madukani. Kilichokwisha kuuzwa si kipya, na kisicho kipya hakisajiliki. Huna kingine ambacho mjini hakijaonekana?"

Sheria hiyo alikuwa ameisoma asubuhi ile ile, kwenye kipeperushi, akiwa amesimama. Mama Meno alitazama dirishani, kwenye gari.

"Kipo kimoja," alisema. "Siku hizi simwonyeshi mtu."

Alikwenda chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa taulo. Ilikuwa kalibu nzito ya bati, na ndani yake chambo kimoja cha mfano, kiluwiluwi kinene chenye mkia wa kukunjamana. Kila ubavu ulikuwa na vishimo vitatu.

"Na hivi vishimo?"

"Hivyo ndivyo vinavyokitofautisha na viluwiluwi vyote duniani," Mama Meno alisema. Na hilo, kama litakavyothibitika, lilikuwa kweli tupu.

Mshauri alitoa karatasi mkobani akaandika mkataba kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kumwona wakili. Kalibu inakabidhiwa kwake kama amana kwa ajili ya usajili. Kisha akaingiza katikati, akiisoma kwa sauti ya kusinzia, sentensi aliyoijia: amana isiporudishwa wala kudaiwa kwa maandishi ndani ya siku saba, inakuwa mali halali ya aliyeishika.

"Ni maneno ya kawaida tu," alisema.

"Mimi si msomi," alisema Mama Meno. "Lakini wewe ukishika changu, nami nishike chako. Halafu hayo maneno yako ya kawaida uyaandike pande zote mbili, yasije yakanionea mimi peke yangu."

"Nikuachie nini, mama? Mkoba?"

"Hilo gari. Na kadi yake."

Mtu mwenye hekima angeinuka hapo. Mshauri alifanya hesabu nyingine. Kwa bei ambayo Bwana Pacha angelipa, angekuja kulichukua gari siku ya nane akiwa tajiri, na kama bibi huyu angeleta ubishi, ufunguo wa akiba ulikuwa mfukoni. Tena siku hizo saba zikipita, kalibu ya mama wa watu ingekuwa imeshakuwa yake. Akaandika pande zote mbili. Akasaini. Shemeji akasaini kama shahidi, akaweka kikombe chini, akatoka nje kulizunguka gari akigusa matairi kwa ncha ya kiatu.

"Anapenda magari," alieleza Mama Meno.

Kwenye ofisi ya usajili Mshauri alijaza fomu kwa jina lake mwenyewe. Karani alikuwa dada mmoja mwenye miwani ambaye hakuwa ameshangaa tangu aajiriwe. Mahali palipoandikwa "eleza upya wa umbo", Mshauri alitulia, akamkumbuka mwalimu wake wa insha, akaandika: vishimo sita vya urembo, vitatu kila ubavu, vilivyopangwa kwa ustadi wa hali ya juu. Akavichora pia, kimoja kimoja, ulimi ukiwa nje.

"Vina kazi gani?" karani aliuliza.

"Ni sanaa, dada."

Karani akagonga muhuri wa kupokea maombi. Mshauri akalipa ada kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, akahisi kizunguzungu mpaka alipofika barabarani.

Siku ya nane alikwenda kwa Bwana Pacha kwa miguu. Mlinzi hakusimama. Alimwacha getini nusu saa, akamwandika kwenye daftari la wageni kama "fundi bomba". Mshauri alimeza dharau hiyo kwa kufikiria saa za jioni, akiwa nyuma ya usukani wake.

Ofisi ya Bwana Pacha ilikuwa na rafu ukuta mzima, na juu ya rafu vyambo vya wenzake vyote, vimepangwa kwa utaratibu ambao watu wengine huweka picha za watoto.

"Bosi, nimekuletea umbo la peke yako," alisema Mshauri. "Maombi yameshapokelewa, muhuri huu hapa. Nakuhamishia jina, nakukabidhi na kalibu, na kuanzia kesho anayekuiga ni mali yako."

"Karatasi kwanza," alisema Bwana Pacha. Akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye vishimo sita vya urembo alikwama. Akarudia. Kisha akaifungua taulo.

Aliigeuzageuza kalibu mara nyingi kiasi kwamba Mshauri alianza kuongeza bei kichwani.

"Hivi si vishimo," Bwana Pacha alisema mwishowe. "Haya ni meno."

"Ukipenda kuviita hivyo kibiashara, bosi—"

"Meno ya samaki." Bwana Pacha aliinuka, akafungua kabati la chini kabisa na kuvuta boksi lililojaa vumbi. Ndani kulikuwa na viluwiluwi, mamia kwa mamia, vinene, vyenye mikia ya kukunjamana na vishimo vitatu kila ubavu. "Miaka sita iliyopita kilikuja mjini kiluwiluwi kizuri cha mtu mwingine. Nikapata kimoja, kimeshatumika. Nikampa fundi wangu wa kalibu akiige. Akaniambia, bosi, hiki kimeumwa na samaki, tutafute kizima. Mimi nikamwambia mimina hivyo hivyo, samaki hajui kusoma. Vikatoka elfu ishirini, na vyote vimeumwa tayari. Wavuvi wakavirudisha wakisema nimewauzia mitumba."

"Na fundi?"

"Nilimfukuza. Kalibu nikamrushia, nikamwambia akaichemshe ale. Alikuwa mwanamke, zamani alikuwa akitengeneza meno ya watu."



Mnaweza kudhani Bwana Pacha aliona aibu. Hapana. Mtu aliyekula jasho la mji mzima kwa miaka ishirini aliona ameonewa yeye. Alipiga meza, akasema umbo lile ni lake, kwamba mtu amethubutu kuiga mali aliyoiga kwa taabu, na kwamba dunia imekwisha. Kisha akaivuta kalibu upande wake wa meza, maana kuchukua ndiyo kazi aliyoijua vizuri.

"Na hii karatasi yako kawashie jiko," alisema. "Kitu nilichouza miaka sita iliyopita kinakuwaje kipya? Hata mimi najua hilo. Toka."

Kwa hiyo Mshauri hakuwa tena na kalibu, wala mnunuzi, wala ada. Lakini ufunguo wa akiba aliushika mfukoni njia nzima mpaka kiganja kikatoa jasho. Biashara huja na kwenda, alijiambia, mradi gari lipo. Alipokata kona ya kituo cha mafuta alianza kutembea haraka, na alipouona mlango wa bluu alikuwa anakimbia. Mbele yake palikuwa na doa la oili.

Ndani, mahali pa kochi palikuwa na mashine mpya yenye mikono miwili ya chuma, ya kusukumia plastiki kwenye kalibu. Shemeji alikuwa akifunga boliti ya mwisho.

"Gari langu liko wapi?" aliuliza Mshauri, bila salamu, akiegemea mashine kwa kuhema.

"Umeliegemea," alisema Mama Meno. Mshauri akaondoa mkono kwenye mashine. "Shemeji anauza magari ya mtumba. Limetoka jana saa kumi, siku ya saba ilipokwisha. Nilikusubiri uandike barua ya kulidai. Sikuona barua."

"Huu ni wizi, mama. Nakwenda polisi."

"Twende wote. Nabeba na mkataba. Ni mwandiko wako, na utawaeleza kalibu yangu iko wapi."

Mshauri akajishusha kwenye kigoda, na palepale, juu ya jokofu, akaona fremu. Ndani ya fremu kulikuwa na hati ya usajili wa umbo, yenye jina la Mama Meno, na chini yake mchoro wa Chenene, miguu yote.

"Hii ya lini?"

"Mwaka jana. Nilimsajili kabla sijauza hata mmoja. Nilifukuzwa na mtu anayeiga, mwanangu, ningelala? Na daftari la usajili pale ofisini liko wazi kwa kila mtu. Ulikwenda mpaka dirishani, ukashindwa kuuliza."

Aliyasema haya bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Aliwahi kutukanwa na wengi. Hakuwahi kusahihishwa kama daftari la mtoto.

Mama Meno alichukua Chenene mmoja mezani, akamvutavuta miguu, akamtia kwenye mfuko mdogo wa nailoni na kumpa.

"Huyu ni wa kalibu mpya, miguu yake haikatiki hata akiigwa. Mpelekee Bwana Pacha. Usimwambie kitu, mwache aangalie tu. Ataiga. Hawezi kujizuia, ni kama kujikuna. Akishatoa elfu ishirini nitakwenda kumwona na hati yangu."

Mshauri aliutazama mfuko. Akaelewa kwamba hii ilikuwa hila safi kuliko yoyote aliyowahi kuifikiria, na kwamba ndani yake yeye alikuwa tarishi. Akaelewa pia kwamba angeupeleka, kwa sababu alimchukia Bwana Pacha na hakuwa na shughuli nyingine. Akasimama, akainyoosha tai.

"Basi angalau nauli, mama. Kule ni mbali."

Mama Meno alikuwa ameshageukia sufuria yake, anakoroga rangi.

"Tembea," alisema. "Wenye magari wanasimamiwa na walinzi, wanasahaulika. Wewe nataka ukae getini nusu saa, mlinzi akukague, akuandike jina na ulichobeba. Siku ya kesi daftari hilo litakuwa shahidi wangu."