Mazoezi ya Kusema "Si Nzuri"

Jumatatu, 4 Machi

Spika ameahirishiwa mtihani! Spika, mwakilishi wetu wa darasa, mtu asiyeweza kuomba chumvi bila kuanza na "waheshimiwa". Mtihani wa Takwimu ni wiki mbili zijazo, wenzake umetukaa kooni, yeye yuko kwenye ngazi za maktaba anatafuna karanga. Nikamuuliza amefanyaje. Akasema alikwenda kwa mshauri nasaha wa chuo, akamweleza hali yake, mshauri akamwombea aahirishiwe. Basi. Kwa maneno matupu!

Maneno ninayo kuliko yeye. Si bure wananiita Mipango.

Mpango wenyewe: kesho asubuhi niwe na msongo wa mawazo.

Alasiri nilifungua kitabu cha Takwimu. Nikakifunga. Nikaenda kuoga. Nilikwishaoga leo, lakini joto. Mtunza bweni akagonga mlango wa bafu akiuliza kama humo ndani ninaosha lori.

Jumanne, 5 Machi

Balaa.

Ofisi ya mshauri iko mwisho wa korido, baada ya stoo ya viti vibovu. Nikabisha hodi nikiwa nimeukunja uso barabara. Ndani mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mkononi anafuma kitu ambacho hakijaamua kama kitakuwa soksi au kofia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza habari yangu.

Nikasema nzuri.

Nzuri! Imenitoka yenyewe! Akauliza habari za masomo. Nzuri. Za nyumbani? Nzuri tu, mama, tunamshukuru Mungu. Hapo nilikuwa nimeshajifungia mlango kwa ndani na funguo nimemeza. Akafurahi sana kusikia hivyo, akauliza basi anisaidie nini. Nikamuuliza maktaba iko wapi.

Maktaba inaonekana dirishani kwake.

Kosa ni la malezi. Nilifundishwa kujibu nzuri kabla sijafundishwa kuvaa suruali. Siku tuliyomzika baba, watu waliingia uani wakiuliza habari za hapa, na mama akawajibu nzuri, mmoja mmoja, ndipo akalia. Kwetu ni nzuri kwanza, msiba baadaye. Sasa mtu utaahirishiwaje mtihani kwa lugha kama hii?

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Nimesimama mbele ya kioo, nimejiuliza habari yangu, nimejijibu: si nzuri. Tena. Si nzuri. Ulimi unakataa. Ni kama kumtukana mgeni.

Meja alikuwa kitandani kwake, ameelekea ukutani. Meja ni mwenzangu wa chumba, anasomea udaktari. Jina la Meja alipewa kwa sababu ya kitanda chake: tangu mwaka wa kwanza shuka lilikuwa limenyooka hivi kwamba hata nzi aliogopa kutua. Siku hizi kimevurugika. Nilimpongeza kwa kustaafu jeshi. Hakucheka, lakini labda mzaha wenyewe ulikuwa dhaifu.

Nikamweleza mpango, nikamwomba awe hadhira. Nikasema si nzuri nikiwa nimeshika kifua, macho juu. Akanitazama sana. Akauliza kama naye anaweza kujaribu.

Akasema. Kwa sauti ndogo, bila kushika popote. Nikamkosoa: haina hisia. Mshauri gani ataamini hiyo? Akarudia, vilevile. Nikamwambia bila kinyongo kwamba uigizaji hajajaliwa, abaki na udaktari wake. Akasema sawa. Akageukia ukuta.

Alhamisi, 7 Machi

Kusema si nzuri pekee hakutoshi. Lazima dalili. Na dalili zimelala kitanda cha pili!

Nimemchunguza Meja leo siku nzima. Hali: sahani niliyomletea jana iko palepale, wali umekauka. Mpirani haendi. Simu ya kwao ikilia anaitazama mpaka inyamaze. Analala mchana, ila ukimwangalia vizuri, macho yako wazi. Ni mali safi. Nimeazima zote.

Bila shaka nilimuuliza kama yuko sawa, mimi si mnyama. Akasema safi kabisa. Mtu mzima akisema safi, ni safi.

Halafu bahati juu ya bahati! Amenipa njumu zake za kuchezea mpira. Zile nyekundu! Zile alizokuwa akizisugua kwa mswaki kuliko anavyosugua meno. Nikauliza atachezea nini. Akasema hatazihitaji tena. Nikamwombea Mungu amzidishie. Zimenikaa utadhani fundi alinipima mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi kandambili ilinikatikia mlangoni, nikavaa njumu. Korido nzima nikaenda kwa, kwa, kwa, kama mbuzi juu ya mabati. Mshauri akauliza habari yangu. Nikasema si nzuri! Kwa hisia! Akauweka ufumaji wake chini.

Nikamwaga. Chakula hakipiti, sahani inakauka kando yangu. Simu ya nyumbani naitazama tu. Nalala macho wazi. Za Meja zilipokwisha nikaongeza za kubuni papo hapo: kwamba nikifungua kitabu moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, herufi zinatambaa, nakwenda bafuni nafungua maji ili nisisikike. Nilijishangaa. Yalitiririka bila mazoezi. Kipaji!

Nikamalizia na ile kubwa: kwamba nimeanza kugawa vitu nivipendavyo. Hata njumu zangu nyekundu nimempa mtu, sitazihitaji tena.

Kalamu yake ikaanguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine. Akaniuliza kwa upole njumu nilizovaa ni za nani.

Nikasema za Meja, mwenzangu wa chumba, amenipa jana. Akauliza Meja alisema nini wakati ananipa. Nikamwambia. Nilipofika kwenye lile neno "tena" ndipo nikasikia ninachosema.

Akauliza yuko wapi sasa hivi. Alikuwa ameshasimama.

Nilikimbia. Njumu si kitu cha kukimbilia kwenye vigae. Nilianguka ngazini, nikainuka, nikaanguka tena uwanjani mbele ya watu, wakacheka. Njia nzima nilikuwa naomba, na kwa mara ya kwanza mwezi huu sikuomba habari ya Takwimu.

Alikuwepo. Mungu wangu, alikuwepo. Amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa vizuri, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kitanda kimetandikwa. Kile kile cha kijeshi, bila kunyanzi, baada ya wiki zote hizo. Sijui kwa nini hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Nikasimama mlangoni nimeziba njia, sijui la kusema. Nikamwambia njumu ni nzuri sana.

Mshauri akafika akihema. Akachukua ndoo yangu, akaigeuza juu chini, akakaa. Akauliza mwanangu hujambo. Meja akasema hajambo.  Mshauri akabaki amekaa tu kwenye ndoo. Mimi kimya kile kingenishinda, ningekijaza hata kwa kikohozi. Yeye akakiacha.

Mwishowe Meja akasema si nzuri. Vilevile kama juzi. Sauti ndogo, hakushika popote.

Mshauri akamwamini pale pale.

Akamuuliza bila kuzunguka kama amefikiria kujitoa uhai. Sikujua kwamba swali hilo linaulizika. Meja akaitika kwa kichwa, mabega yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Wakaenda pamoja zahanati ya chuo, mshauri amemshika mkono. Mimi nimebaki na ndoo. Nimelia sana. Niseme ukweli, naogopa mpaka sasa.

Jumatano, 13 Machi

Nimemtembelea Meja. Yuko wodini, anapewa dawa, anaongea na daktari na mshauri. Dada yake mkubwa amekuja kutoka nyumbani, kakaa kando anamenya machungwa kama anayelipiza kisasi. Amenipokea vizuri, akaniita mdogo wangu.

Nilimuuliza Meja chanzo ni nini. Masomo? Mapenzi? Akasema hata yeye amekitafuta, akikipata ataniambia. Nikataka kumwambia mbona ana kila kitu, akili, dada, mguu wa kushoto wa kutisha. Dada akanitazama, nikala chungwa.

Nilimrudishia njumu. Akasema nikae nazo kwanza. Nikamwambia zinanibana, nimetokwa na malengelenge. Uongo mtupu. Akaziweka chini ya kitanda, akacheka kidogo, cheko la mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Nikamwomba radhi kwa kumkosoa siku ile. Akasema alikuwa hajawahi kulitamka neno lile, kwamba mara ya kwanza alilitamka mbele yangu. Nikamwomba dada chungwa jingine.

Koridoni mshauri akanisimamisha. Akasema dalili nilizomletea zimepata mwenyewe, ila zimebaki zile za moyo na za bafuni. Hizo ni za nani? Nikacheka. Nikamweleza kwamba hizo nilibuni, nina kipaji, hata yeye nilimweza. Hakucheka. Akasema kila Alhamisi kuna kiti kwake, asiye na la kusema pia hukaribishwa. Nikamshukuru. Nikamwahidi nikikutana na mwenye shida nitamwelekeza.

Jumapili, 17 Machi

Mtihani ni kesho. Sijaahirishiwa! Mshauri alisema yuko tayari kuniombea siku nitakapokwenda kwa ajili yangu mwenyewe. Kwani nilikwenda kwa ajili ya nani?

Meja amerudi bwenini. Anatandika nusu ya kitanda. Anasema ameambiwa kwa sasa nusu inatosha. Dada yake kapanga nyumba ya jirani na chuo kwa muda, analeta chakula, naye anakula, si chote. Spika alikwenda kumwona wodini, akamwambia kwamba yeye huenda kwa mshauri kila Alhamisi tangu mwaka jana. Tangu mwaka jana! Keshapata alichotaka na bado anaigiza! Huyo si mtu wa kushindana naye.

Mama kapiga simu. Habari? Nzuri, mama. Masomo? Nzuri. Akauliza mbona sauti yangu iko mbali. Nikasema mtandao. Akasema mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamwambia ni kweli kabisa, nitamfikishia Meja.

Mchana nimefungua Takwimu, ukurasa wa kwanza. Herufi zikaanza kutambaa. Uchapaji wa siku hizi ni ovyo. Nikaenda kuoga. Usafi hauna msimu.

Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu zote mlango ulipogongwa. Nikajua mtunza bweni na lori lake. Kumbe Meja. Akauliza hujambo humo ndani.

Nikajibu safi kabisa.

Hakuondoka. Nikasikia ndoo ikigeuzwa sakafuni, mtu akikaa. Akasema haina hisia, nirudie.

Nikarudia. Kwa sauti kubwa zaidi, maana maji yalikuwa na kelele.