Gitaa la Mika na Dirisha la Ziwani

Jumatatu, 4 Machi
Mkutano wa walimu. Mkuu wa chuo anatafuta mshauri wa wanafunzi. Ile ofisi yenye dirisha la kutazama ziwa! Ataipata atakayeonyesha jicho la kumtambua mwanafunzi mwenye dhiki na kutoa taarifa mapema. Akaeleza dalili. Nilisikia ya kwanza tu: anayejitenga. Zilizobaki zilinipita, maana wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi wa jikoni, wanageuka polepole, nami nikaenda nao. Niliporudi, watu walikuwa wanapanga viti. Matroni Generosa alisikiliza zote, kwa kiherehere chake. Anaitaka ofisi yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimempata mtu wangu! Neli wa mwaka wa kwanza, binti wa kabila la Wakisi. Kila jioni yuko ufukweni peke yake, kainama, kimya. Nimemvizia nyuma ya mchikichi mpaka nikalowa chapachapa. Sikujali. Nilikuwa naota pazia la dirisha, la buluu.
Mchana Mika, kiongozi wa bweni, alinisogezea tena sahani yake nzima, wali na samaki mbasa. Eti hana hamu. Nikamwambia ndaga, asante ya huku. Watu wa Kyela wakarimu, jamani! Kwetu Bukoba mtu hakuachii hata mkia wa samaki.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu. Nimempeleka Mkuu ufukweni. Neli akachuchumaa, akatusalimu macho chini. Nikamnong'oneza Mkuu aone huzuni ile. Mkuu, mzaliwa wa huku huku, Ipyana, akauliza kama mpaka leo sijui mabinti wa huku wanavyowasalimia wakubwa. Mikononi Neli alikuwa na udongo. Anafinyanga chungu, kama mama yake. Akasema hiyo ndiyo saa yake ya raha, ila kuna mtu humchungulia kutoka kwenye michikichi. Generosa alicheka mpaka khanga ikamdondoka.
Jioni Mika akaniletea gitaa lake la kwaya, lile asilokubali mtu aliguse. Eti nilichukue, yeye halihitaji tena. Akabaki mlangoni, kama aliyesahau neno. Nikamtakia usiku mwema, nikafunga. Nikapiga nyuzi mbili tatu. Mvua, ziwa, nyuzi. Sikujua mimi ni nani wala niko wapi. Raha!

Ijumaa, 8 Machi
Generosa kauliza gitaa nimelitoa wapi. Nikamwambia kanipa Mika, wengine tunapendwa. Uso ukambadilika. Akauliza kama Mika anakula. Nikasema wali wake nakula mimi, wiki nzima sasa. Akauliza kwa ukali kama sikumsikia Mkuu akisema juu ya mwanafunzi anayeacha kula na kugawa vitu anavyovipenda. Hakungoja jibu. Alikimbia, kandambili moja ikabaki kwenye tope. Nadhani kaenda kuomba naye apewe kitu.

Jumamosi, 9 Machi
Mika alikuwa amekata tamaa ya kuishi. Kamwambia Generosa yote. Generosa hakumwacha peke yake hata kidogo, akamwita daktari, na Ebeneza, kaka yake Mika, kaja kumchukua. Analia, lakini yupo. Kijana yule alisimama mlangoni kwangu! Nimelia mpaka kichwa kikauma.
Kisha nikawaza. Gitaa si lilikuwa kwangu? Habari si ilitoka kinywani mwangu? Nimekwenda kumkumbusha Mkuu aliyetoa taarifa ni nani. Akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Jumatatu, 18 Machi
Generosa kapewa ofisi. Kaweka pazia la njano! Mika karudi. Hukaa na Generosa pale dirishani, anakula kidogo kidogo. Kalichukua gitaa lake, na niliposikia akilipiga nilifurahi kweli, ingawa vidole vyangu viliwasha. Mkuu karudia dalili zote, safari hii akinikazia macho. Nilifika ya pili. Halafu ukungu ukaanza kushuka Milima ya Livingstone, mweupe, taratibu...
Jioni hii Anyosisye, yule mpole wa mwaka wa pili, kaniletea saa yake ya mkononi, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Eti nikae nayo tu, kwake haina kazi tena. Imenikaa! Hatimaye wameanza kunipenda. Kesho naivaa, napita nayo mbele ya lile dirisha, Generosa aione afe kwa wivu.