Picha ya Dereva Hewani

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Käina. Natumaini barua hii itakukuta u mkavu. Mimi tangu Jumapili ile ya tamasha la nyimbo kule Tallinn sijakauka. Viatu vyangu bado viko juu ya jiko.

Jina langu ni Villu Kadakas, dereva wa basi la kwaya ya vijana ya kisiwa chetu. Katika toleo la Alhamisi, ukurasa wa mbele, umechapa picha yangu nikiwa hewani, miguu juu, mdomo wazi, na chini yake maneno: "Mwongoza kwaya wetu arushwa kwa shangwe." Naomba masahihisho, ukurasa huohuo, herufi kubwa vilevile. Mimi siongozi kwaya. Mimi siimbi. Nilipokuwa na miaka tisa, mwalimu wa muziki aliniambia, "Villu, mwanangu, wewe fungua mdomo tu, sauti iache nyumbani." Nimeitii amri hiyo miaka arobaini na tisa, kanisani na hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Heshima yangu yote imesimama juu ya ukimya huo, na sasa nikiingia dukani watu wananipigia makofi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua. Ilianza kabla ya maandamano ya waimbaji na haikupumzika hata kunywa chai. Wasichana wetu huvaa sketi za sufu zilizofumwa na bibi zao, na sketi ya sufu ikilowa ni sawa na kumvaa kondoo mzima. Walitembea hivyo kutoka mjini mpaka uwanjani, kilomita tano, wakiimba. Nilimuuliza mjukuu wangu Mirtel kwa nini havai koti la mvua. "Babu, koti linaficha mistari ya sketi," akasema. "Watu watajuaje tumetoka wapi?" Meno yanamgongana, yeye anawaza mistari!

2. Supu. Ilikuwa ya waimbaji tu. Nilimweleza mama aliyekuwa akigawa kwamba mimi ni dereva, akanijazia bakuli. "Dereva gani mwenye sauti hiyo? Kula, baba, na uongo wako huo." Nilikula mabakuli mawili. Sioni kosa hapa, ila ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

3. Kurudia nyimbo. Kivuko chetu cha kurudi kisiwani kilikuwa cha saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo ilibidi tuondoke uwanjani saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimewaahidi wazazi wa watoto thelathini na mmoja. Lakini wimbo ukipendwa hurudiwa, na siku ile kila wimbo ulipendwa. Watu wamejaa kwenye mteremko, maji yanawaingia shingoni yanatokea viatuni, nao wanapiga kelele, "Tena! Tena!" Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawa waliyavalia sufu, wakayaoga vilevile.

4. Mwavuli. Saa kumi na mbili kasoro robo nilishuka mpaka chini ya jukwaa kuwaita watoto wangu. Nikafungua mwavuli. Nyuma yangu mama mmoja mwenye kipande cha mkate mweusi na dagaa akafoka, "We mzee, funga hicho kibanda! Tumekuja kuona watoto, hatukuja kuuona mgongo wako!" Nikaufunga. Kisha nikauinua na kuwapungia watoto: njooni, upesi, upesi, kivuko!

Sasa Mhariri, watu wetu unawajua. Tangu wakiwa wadogo wamefundishwa kwamba kitu chochote kikiinuliwa mbele yao, wanakifuata. Kwaya zote zilikuwa jukwaani pamoja, na waimbaji wa upande wa kushoto walikuwa hawamwoni mwongozaji wao kwa mvua. Waliniona mimi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa taratibu, wa kuwakumbuka bibi waliotangulia. Ukatoka kwa mwendo wa watu wanaokimbilia kivuko. Kushoto wakawavuta wa katikati, katikati wakawavuta wa kulia, maelfu kwa maelfu. Nikatikisa mwavuli kukataa, wakazidisha sauti. Nikauteremsha kwa aibu, wakanyamaza wote kwa pamoja, kimya kabisa. Mteremko mzima ukalipuka: "Tena!" Mwongozaji halali, mama wa watu, alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

5. Kurushwa. Mwongozaji aliyependeza hurushwa juu na waimbaji. Ni desturi yetu na sina ubaya nayo, mradi arushwe mwingine. Vijana sita wa kusini wakanibeba. Nikapiga kelele, "Mimi dereva!" Mmoja akajibu, "Hata mimi naendesha trekta, mwalimu, tulia!" Wakanirusha mara tatu. Mara ya tatu funguo za basi zilinitoka mfukoni, huku chini wimbo ukianza upya, na kinywani mwangu mkatoka sauti. Mimi nasema nilikuwa naomba msaada. Mirtel anasema ilikuwa sauti nzito ya besi, tena mahali pake hasa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Funguo zilipatikana ndani ya bakuli la supu. Kivuko hakikupatikana. Tuliwahi cha asubuhi, wazazi wakatupokea bandarini wamenuna, na Alhamisi wakanijia na gazeti lako mkononi kunidhihaki.

Kwa hiyo nadai tamasha lijalo lifanyike ndani ya jumba, wakati wa baridi, kila mtu akiwa kitini. Wimbo uimbwe mara moja. Mtu asirushwe kabla ya kuulizwa kazi yake. Na mvua ikitaka kushiriki, ije kwenye usaili kama kwaya zote, ikishindwa irudi kwao.

Wasalimie mkeo Ülle, wachapaji wote, na paka wa ofisini. Mpiga picha wako nisalimie pia, ila kwa shingo upande.

Ni mimi, katika ukimya,
Villu Kadakas, dereva

Nyongeza: Masahihisho usiyachape. Jana Mwalimu Heldi wa kwaya ya watu wazima alinifuata gereji. Waimbaji wa besi wamebaki wawili, na mmoja ana kikohozi. Nikamwambia kwamba mimi hufungua mdomo tu. Akasema, "Basi fungua, mengine niachie mimi." Nikafungua. Mazoezi ni Jumanne. Naomba nakala kumi na mbili za ile picha, moja uikuze kadiri mashine yako inavyoweza. Nataka kumpelekea mwalimu wangu wa zamani wa muziki. Ana miaka tisini na moja, lakini macho yake bado ni mazima.