Bhangi ya Subukia Yaoshwa

Wazo lilimjia Sydney Odero akiwa na tonge mkononi. Alikuwa amekaa kwenye hoteli ya madereva wa malori pale Salgaa, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kwa sababu mjini Nakuru palikuwa na watu wengi mno waliotamani kuuona uso wake. Wengine aliwauzia ploti ambayo ziwa lilikuwa limeshaimeza. Wengine aliwauzia jogoo anayetabiri mechi. Mji ulikuwa umemwishia, kusema kweli, na alichohitaji sasa ni kazi moja tu ya mwisho, yenye kumpa nauli ya kwenda mbali na kitu cha kuanzia maisha huko.

Meza ya nyuma yake watu wawili walikuwa wakinong'ona. Kang'ethe, dalali wa ploti, alikuwa akimweleza Navneet, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwamba huko ng'ambo watu wazima wenye tai wanalima bhangi ndani ya nyumba, kwenye vumbi la makumbi ya nazi, na wanatajirika. Navneet akauliza nani huku kwetu anaiweza kazi hiyo. Kang'ethe akasema hapo ndipo shida ilipo.

Sydney akaitazama sahani yake. Ilikuwa saga, ile mboga ambayo mama yake alipenda kuipanda nyuma ya nyumba za reli na kuiita akeyo. Jani moja lilikuwa limeponea kisu cha mpishi, likajilaza juu ya ugali, vidole vyake vitano vikiwa wazi, sawasawa na lile jani linalochorwa kwenye fulana za marasta. Sydney alilinyoosha taratibu, akalitazama tena, akanawa mikono na kugeuza kiti.

"Samahani, wakubwa," alisema kwa sauti ya daktari mwenye majibu. "Mimi nimekuwa mtaalamu wa maua Naivasha miaka mingi. Hayo mnayoyasema, msiyasemee hapa."

Ukimwambia mtu kuwa ana siri, anaanza kuilinda kwa pesa zake. Haukupita muda kabla ya Kang'ethe kulipia kodi ya grinhausi moja kule Subukia, ya nyanya, iliyoachwa ikapigwa na upepo. Navneet alileta tangi, mabomba na taa za rangi ya zambarau. Sydney alijaza ndoo kwa hilo vumbi la nazi, ambalo watu wa maua huliita kokopiti, akapanda saga, na kila asubuhi akainywesha mbolea ya maji. Tangu mboga iumbwe haijawahi kudekezwa namna hiyo. Ilimfika mtu kifuani.

Jumapili washirika walikuja kuzuru. Walivalishwa ovaroli nyeupe, wakafungwa mifuko ya plastiki viatuni, wakasimamishwa nyuma ya kamba na kuambiwa wasiongee kwa nguvu, maana nazi ni kitu cha pwani, haijazoea kelele za bara. Kang'ethe alikula saga karibu kila wiki, lakini aliijua ikiwa imelala kwenye sahani kando ya nyama. Hii iliyosimama ndani ya ndoo chini ya taa ya zambarau aliitazama kwa heshima kubwa.

Tatizo lilikuwa kwamba Kang'ethe hana kifua. Alijigamba kwenye chama chao cha kuweka akiba, na mwenyekiti wa chama, Mama Nasimiyu, akataka naye aione hiyo mali. Sasa Nasimiyu alikuwa muuzaji wa mboga za kienyeji kwa jumla, anayejulikana soko zima. Alipoingia grinhausi, Sydney alijisogeza karibu na mlango. Mama aliinama, akasugua jani kati ya vidole, akanusa, kisha akamtazama Sydney kwa muda mrefu.

"Bhangi," alisema. "Tena daraja la kwanza."

Sydney alimshukuru Mungu kwa kuwaumba wajinga wengi na kuwagawa sawasawa kati ya wanaume na wanawake. Mama hakutaka hata hisa. Aliomba kazi ya kukata ncha tu, kwa sababu mmea ukikatwa ncha unatoa matawi, na hizo ncha angezibeba kwenye magunia akazichome mbali, kwa usalama wa wote. Navneet aliguswa sana na moyo huo.

Magunia yakawa yanatoka kila wiki. Siku moja Sydney alijipenyeza sokoni kununua mbolea, akaona foleni. Kule foleni ilikoanzia alikuwa Nasimiyu, na mbele yake rundo la saga yenye majani manene ambayo Sydney angeyatambua hata gizani. Mama alipokuja tena kukata, alimkuta amesimama mlangoni.

"Mathe, hizo majani unaziuza."

"Ninauza nini, Sydney?"

Sydney akatazama njiani kama kuna anayesikia.

"Sema jina lake," Nasimiyu alimwambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusali.

"Bhangi," Sydney alisema kwa shida.

"Basi nikishikwa, nitashikwa mimi. Nipishe, jua linanyausha mzigo."

Usiku huo Sydney hakulala. Yeye, Sydney Odero, alikuwa amegeuzwa mkulima halali wa mboga, na hata shukrani hapati. Aliona muda wa kuondoka umefika, ila hangeondoka mikono mitupu. Akaita mkutano.

Aliwaeleza washirika kwamba bhangi ya kwenye nazi haivunwi hivi hivi. Kokopiti hushika chumvi za mbolea, na mmea uliolishwa mpaka siku ya mwisho huchoma koo la mvutaji, kwa hiyo kabla ya kuvuna wakulima huko nje hukata mbolea na kumwagilia maji matupu mpaka uchafu wote uchuruzike chini. Wanaita kuosha. Mpaka hapo alikuwa akisema alivyosoma kwenye simu, na kule kusema jambo alilolisoma kweli kulimpa kigugumizi kidogo. Alipofika kwenye uongo ulimi ukamlainika.

"Lakini siyo maji ya bomba," alisema. "Mnajua maji ya huku kwetu yanavyogeuza meno rangi. Sasa fikirieni bhangi."

Wote wakafunika midomo kwa mikono. Yakakubaliwa maji maalumu kutoka nje, na mchango wa taslimu kuletwa Ijumaa. Nasimiyu peke yake ndiye aliyeuliza kama ni lazima mbolea ikatwe, na akaambiwa ni lazima, na kuanzia leo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeibiwa ng'ombe. Sydney aliikata kweli mbolea, kwa furaha yote, na kila asubuhi akaitazama saga ya Nasimiyu ikigeuka manjano. Ijumaa Kang'ethe alipoiona alipiga makofi polepole, akasema inaonekana wazi imetakata.

Mkoba wa pesa uliwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nje ya ua bodaboda ilikuwa inangoja. Sydney alinyoosha mkono, na mlango ukafunguka.

Aliyeingia alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti jeusi na rungu, na nyuma yake Nasimiyu mwenye sura ya matanga. Mwanamume alisema wamepata ripoti kuna bhangi hapa. Sydney amewakimbia polisi maisha yake yote, kwa hiyo hajawahi kumtazama mmoja vizuri. Akisema ni bhangi, ni jela. Akisema ni saga, Kang'ethe yuko hapo hapo, na Kang'ethe alikuwa na mikono ya kubeba magunia ya viazi.

"Bhangi gani, afande?" Navneet ndiye aliyewahi. "Hii ni mboga."

"Mboga tu," Kang'ethe akadakia. "Sydney, si umwambie."

"Ni saga, afande," alisema Sydney. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaambia ukweli kuhusu shamba lile, na hakuna mshirika aliyemwamini.

Afande akasema kama ni mboga, waile. Navneet alifumba macho akatafuna akisali kimoyomoyo. Kang'ethe alimeza majani matatu, na saga mbichi ni chungu sana. Punde akasema magoti yamemtoka, akakaa chini akaanza kucheka peke yake, akiuliza kwa nini ndoo zinatembea. Sydney alimwangalia mtu mzima akilewa mboga na hakujua aweke wapi macho.

"Mwenye mboga ni nani?" afande aliuliza.

Walitazamana. Nasimiyu akainua mkono. "Ni zangu mimi. Kama kuna kosa, nipeleke mimi, hawa uwaache."

Navneet alilengwa na machozi. Afande akauliza tangi na mabomba ni ya nani, Navneet akaapa ni ya mama. Akauliza aliyekodi grinhausi ni nani, Kang'ethe, akiwa amekumbatia ndoo, akasema ni mama.

"Na huu mkoba?"

Washirika wakamgeukia Sydney kwa macho ya kuomba. Nauli yake ilikuwa mle, na huko mbali kote, na maisha yake mapya.

"Ni wa mama," alisema. "Pesa za mauzo ya mboga."

"Mpe basi."

Akaubeba, akampa kwa mikono miwili.

Washirika waliruhusiwa kwenda, wakatoka mbio katikati ya mahindi wakiwa na ovaroli zao nyeupe, Navneet akimshikilia Kang'ethe anayecheka, wakiapa hawatalitaja jina la Subukia tena mpaka wanakufa. Mlio wa gari lao ulipopotea, afande alivua koti, akalitundika kwenye bomba na kukunja mikono ya shati, akabaki mpakizi wa mizigo wa sokoni.

"Mama, leo tunapakia gunia ngapi?"

"Chache, Kemboi. Huyu amezinyima chakula." Nasimiyu alimgeukia Sydney, aliyekuwa ameketi juu ya ile ndoo kama mgeni aliyekosa kukaribishwa. "Kesho asubuhi urudishe mbolea. Mshahara wa kibarua nitakulipa kila Jumamosi, na chakula nitaleta."

"Na nikienda zangu?"

"Nenda," alisema Nasimiyu. "Nitampigia Kang'ethe nimwambie alichokula."

Kemboi alikuwa ameshajaza gunia la kwanza na anangoja mtu. Sydney aliinuka, akashika upande wa pili.