Miswaki ya Pangani

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Maganzo.

Nimeamka na azma. Wajukuu zangu, Limi na mdogo wake Mageni, watapiga mswaki kila alfajiri kwenye kibaraza changu, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kama sisi kule Pangani. Mama alitupanga barazani kabla jua halijawa kali, kila mtoto na kijiti chake, vinywa vimejaa, kimya. Nataka asubuhi moja tu kama zile kabla sijafa huku bara.

Nimewahutubia juu ya ufizi. Naona nilisema vizuri. Mageni alilala. Limi aliuliza kama nimemaliza, maana kwa bibi yao kuna viazi.

Bibi yao! Mbuke, mama yake mkwe wangu Bujiku. Mlango wake unatazamana na wangu. Watoto hushinda huko.

Jumanne, 3 Agosti

Mbinu mpya. Nimesaga mkaa na chumvi, nikauita unga wa wafalme. Wafalme wakajipaka usoni, wakacheza fisi. Binti yangu Mwamvua akasema, Baba, anayefua ni mimi.

Mbuke akapaza sauti toka ng'ambo ya uwanja: watu wa pwani husugua sana meno kwa kuwa hayana kazi nyingine, wali wa nazi hautafunwi. Utani ni halali. Sisi na Wasukuma tu watani tangu enzi za misafara. Nikamjibu kwamba wao ng'ombe wamejaa zizini, nyama wanaionja kwenye matanga ya jirani. Akacheka hadi akashika nguzo. Inaudhi adui anapocheka. Meno yake ni meupe, yote yapo. Sipendi kuandika hili.

Jumatano, 4 Agosti

Mzigo umefika! Valerian, dereva wa lori, ameuchukua stesheni Shinyanga. Miswaki halisi, imetoka kwa dada yangu Mwanne, Pangani. Nimefungua, nimenusa. Pilipili kidogo, udongo wa chumvichumvi. Nikanusa tena.

Kisha nikawagawia. Nikawaambia: sugueni kwa bidii, meno yatatoka meupe.

Limi akasugua kwa bidii. Jino la mbele likatoka. Jeupe.

Mayowe! Kumbe lilikuwa likilegalega siku zote, nani aliniambia? Mageni akawatupia mbuzi mswaki wake, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hata ugali amekataa. Jioni watoto wa uwanja mzima wananipita wameziba midomo.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimemweleza Mageni kwamba neno kutoka lina maana nyingi. Ameelewa moja.

Wakati nafundisha sarufi, Mbuke alimtoa Limi nje, wakarusha jino juu ya paa, wakaomba jipya. Akamwambia ufizi mchafu jino jipya huuogopa, likabaki ndani. Basi! Watoto wote wakataka vijiti. Si vyangu. Vya porini kwake.

Jioni hii nimewaona dirishani. Wamejipanga kwenye kibaraza CHAKE, hata Mageni. Vinywa vimejaa. Kimya. Pangani yenyewe, ila mimi sipo.

Ijumaa, 6 Agosti

Alfajiri nimevuka uwanja nikijifanya naomba moto. Nilisahau kubeba kigae cha kutilia. Mbuke akauliza, mtani, umekuja kung'olewa? Akasogea. Nikakaa.

Akanipa kimoja cha vijiti vyake. Nikakataa kwa heshima. Mageni akakitia mdomoni mwangu. Kichungu mno! Nikatafuna. Limi akaniegemea upande huu, Mageni upande ule, mate yake yakichuruzika kwenye kanzu yangu. Hakuna aliyesema neno. Jua likapanda. Sikutaka limalize kupanda.

Mbuke akatema, akasema, Babu Limi, ukinyamaza unakuwa mtu mzuri sana. Sikuelewa alikuwa na maana gani.

Iandikwe kwamba nilikwenda kupeleleza tu, na sijapeleleza vya kutosha. Kesho narudi mapema. Ni dhahiri kinachokosekana pale ni maelezo. Nimekwisha andaa hotuba juu ya magego. Ni ndefu.