Mpango wa Kumzuia Daktari wa Macho

Jumatatu, 4 Agosti 2014

Habari mbaya. Daktari Ketrina, bingwa wetu pekee wa macho, amepata nafasi ya kusomea ubobezi India. Mambo ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho. Hajaamua. Anatakiwa kujibu kabla wiki haijaisha.

Kwani ubingwa hanao? Mtoto wa jicho anamtoa kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele!

Mimi ni karani wa mapokezi tu hapa hospitali ya Tunduma. Lakini mama yangu, kule Itaka, anaona moshi kwenye jicho la kulia tangu masika. Nimekuwa nikimwambia: daktari yupo, haendi popote, tumalize kuvuna kahawa kwanza. Rubeni, muuguzi wa macho, ameniuliza kwa nini nisimlete mama kesho, yakaisha. Nimemwambia ashike lake. Hajui kwamba jibu la daktari linanitisha kuliko huo moshi. Na daktari akiondoka, hilo jibu nitalipata wapi?

Lazima abaki.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: kumtisha kwa upole. Nimempelekea chai, nikamweleza kwamba India jua linachoma na chakula ni pilipili tupu. Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha pilipili, akaimwagia maharage yake. Akaniuliza kama naitaka. Sikuweza kumkatalia mkubwa.

Nimelia mpaka mchana. Rubeni amewatangazia wagonjwa wasiogope, karani naye yumo kwenye foleni.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili, wa akili zaidi. Mtu haondoki mahali anapohitajika. Basi ahitajike! Nimewapigia simu wachungaji wa Itaka, Igamba, hata Mkwajuni. Watangaze kwenye ibada ya jioni: mwenye jicho linalomsumbua aje kesho Tunduma. Wakaniuliza tangazo limetoka kwa nani. Nikataja jina langu.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamejaa! Foleni imetoka getini hadi kwenye malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nimetembea mbele yao kama bwana harusi.

Mzee Bugalama, mfugaji kutoka bondeni Momba, amenionya kwamba ameacha ng'ombe kwa ajili ya tangazo langu. Jicho lisipopona, nitakwenda kuwachunga mimi.

Wenye mtoto wa jicho wamepangiwa upasuaji. Vizuri. Lakini jicho la Bugalama retina imebanduka. Daktari amemwambia pole, mzee wangu, hili si la mkono wangu. Akaingia mama wa Igamba. Retina. Akaingia mchimbaji wa dhahabu. Retina tena! Kila mmoja alipotoka, alitoka na pole ileile. Rubeni akanitazama. Nikatazama dari.

Wa mwisho alikuwa na kitenge ninachokijua. Mama! Sikumwita. Anasema mchungaji aliposoma jina langu, alisimama kanisani akashukuru: mwanangu amenikumbuka.

Daktari alimtazama jicho kwa muda mrefu. Ni kisukari. Mishipa ya nyuma inavuja. Amemwandikia rufaa ya Mbeya, aende Jumatatu bila kukosa, kabla jicho la pili halijafuata. Kisha akauliza kwa nini amechelewa hivi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama akajibu: kahawa, mwanangu. Kahawa ilikuwa nyingi.

Haikuwa nyingi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Daktari ameamua. Anakwenda. Amesema jana ndiyo iliyomwamulia.

Rubeni amenipongeza. Mtu akiletewa kutwa nzima wagonjwa asiowaweza, afanye nini kama si kwenda kusoma? Mtu mbaya sana, na leo yuko sahihi.

Mama, aliyefikia chumbani kwangu, amefurahi. Anasema mbuni, mti wa kahawa, hukaa miaka mitatu haujazaa, na hakuna anayeung'oa. Akaniuliza kama nilitaka daktari abaki hapa amshike mkono, waliangalie giza pamoja. Nimeosha vyombo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari ibada nzima. Somo nimelipata: hofu haijawahi kutibu jicho la mtu. Mipango basi! Kesho alfajiri nampeleka mama Mbeya kama mwanaume.

Mchana. Nimewaza kidogo. Mbeya nao watatazama. Nao watasema kitu.

Jioni. Nimemshauri mama tumalize kahawa kwanza. Amecheka mpaka akakaa chini. Mzigo ameshaufunga.

Viatu vyake nimevipandisha juu ya kabati, nyuma ya ndoo. Ameshagundua. Anasema si neno, atavaa vyangu.

Nimeficha na vyangu.